Koti la Mshika Funguo

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Bibi Sindano alifumbua macho kabla jogoo wa kwanza hajawika, akatega sikio. Alidhani ni panya kabatini. Akapapasa upande wa pili wa kitanda, akakuta shuka limepoa. Mwanga mwembamba ulikuwa unapita chini ya mlango, na panya hana desturi ya kuwasha taa.

Alijifunga kanga, akaenda sebuleni. Mumewe alikuwa ameinama juu ya meza, miwani imemshuka puani, wembe mkononi. Mbele yake lilikuwa limefunguliwa daftari kubwa la mchezo, lile ambalo kila mwaka kwa miaka ishirini na minane lilitolewa sandukuni, likafutwa vumbi, likapelekwa machimboni. Alikuwa anakwangua maneno. Wino uligeuka unga mweusi, naye akaupuliza polepole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

"Mzee wangu," alisema Bibi Sindano. "Unafanya nini saa hizi?"

"Nafuta."

"Unafuta nini?"

Alikwangua neno jingine. Kwenye kidole chake gumba palikuwa na damu kidogo. Bibi Sindano alimnyang'anya wembe taratibu, akakifunga kidole kwa kitambaa, akaketi.

"Jana nilipita kwa mchonga mawe," mzee alisema baadaye. "Nimeliona lile jiwe la kumbukumbu la uwanjani. Wameandika jina lake, mama. Jina lake lote, na la baba yake. 'Hapa ndipo alipouza lango.' Herufi zenyewe zimezama ndani ya jiwe kiasi hiki." Akaonyesha kwa kidole kilichofungwa. "Wembe hautoshi pale."

Bibi Sindano alijua ni jina la nani.

Mji mzima ulimwita mumewe Mzee Machimbo. Zamani alikuwa msaidizi wa wapima ardhi, kazi yake kubeba minyororo na vigingi. Siku moja, akiwa ndani ya shimo la machimbo ya zamani, aliita mwenzake, na ukuta wa jabali ukamrudishia sauti yake nzima, safi, kubwa kuliko yeye mwenyewe. Hakupima kitu tena siku ile. Akaandika mchezo wa kuchezwa palepale, bila paa wala pazia, juu ya wachonga mawe waliogoma, wakajifungia na familia zao ndani ya ua wa machimbo siku tisa, mpaka alfajiri moja lango lilipofunguka na walinzi wa kampuni wakaingia na bunduki. Watu arobaini na mmoja walikufa. Na katika mchezo wake, aliyefungua lango ni Mshika Funguo, mzee mwenye koti refu lenye vifungo vya njano na kikohozi cha vumbi la mawe, aliyechukua pochi ya pesa akasema, "Nipe pochi, nikupe mlango."

Kila Jumamosi ya mchezo watu elfu tatu walilia, wakazomea, wakarusha mabonge ya udongo. Ndivyo Mzee Machimbo alivyopata jina, kofia ya heshima, na nyumba hii ya vyumba viwili kando ya uwanja.

"Mwaka huu nalitoa lile neno la pochi," alisema. "Jumamosi ni keshokutwa. Na nitamwambia Mwenyekiti alitoe jina kwenye jiwe."

"Utamwambia kwa sababu gani?"

Mzee aliutazama mlango, kama vile kulikuwa na mtu nyuma yake. "Wewe unaijua sababu," alisema kwa sauti ya chini.

Ndiyo, aliijua. Aliijua tangu siku ile mama yake mzazi, aliyekuwa ndani ya ule ua akiwa msichana, alipokaa kwenye kiti hicho alichokalia mzee sasa na kumsimulia mkwewe. Bibi Sindano ndiye aliyekuwa akimimina chai. Mama alisema, "Hakuna aliyefungua, baba. Komeo lilikuwa la mti, na mti ulikuwa umeoza. Walisukuma mara mbili, likavunjika. Yule mzee wa funguo alikuwa amelala kama sisi wote." Na mumewe, wakati ule nywele bado nyeusi, alikuna kichwa, akasema, "Lakini mama, nani atalia kwa ajili ya komeo bovu?"

Mama yake alicheka. Bibi Sindano naye alicheka. Ndilo jambo lililokuwa likimuuma: kwamba alicheka.

*

Waliketi kwenye benchi la ofisi ya kamati ya uwanja tangu saa mbili asubuhi. Saa tatu ikapita. Watu waliokuja nyuma yao wakaingia na kutoka. Mzee Machimbo alikuwa amevaa kofia yake ya heshima, na kila mlango ulipofunguka aliivua, kisha akaivaa tena. Karani mmoja, msichana mwenye kifua cha mafua, aliwaona. Alimletea Bibi Sindano glasi ya maji, na kwanza akaufuta ukingo wake kwa kitambaa safi. Bibi Sindano aliliweka hilo moyoni. Siku mbaya huwa na vitu vyake vidogo vizuri, na mtu asipoviokota hakuna atakayemwokotea.

Saa nne waliitwa.

"Mzee wetu! Shikamoo," alisema Mwenyekiti, akiwa bado anaandika.

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo, bibi. Kaeni. Nina dakika tano tu, mgeni rasmi anataka gari. Haya, semeni."

Mzee aliiweka kofia magotini. "Ni lile jiwe. Naomba jina litoke."

"Litoke liende wapi?" Mwenyekiti alicheka. "Mzee, jiwe limeshachongwa. Siyo ubao wa shule ule."

"Hatuna hakika nalo."

"Hatuna hakika?" Sasa aliiweka kalamu chini. "Mimi nimeyakariri maneno yako tangu navaa kaptula. 'Nipe pochi, nikupe mlango.' Watoto wanaulizwa kwenye mtihani! Wewe usipokuwa na hakika, nani atakuwa nayo?"

"Niliyatunga."

"Si ndiyo kazi yako, kutunga?"

"Mwanangu, nisikilize. Maneno niliyatunga, na jambo lenyewe nililitunga. Yule mtu hakuuza lango. Komeo lilioza."

Mwenyekiti hakucheka tena. Alisimama, akafunga dirisha, ingawa joto lilikuwa kali. Bibi Sindano alilisikia komeo la dirisha likiingia mahali pake.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Vizuri." Alirudi, akamgeukia Bibi Sindano, akazungumza kwa upole, kama vile mzee hayumo chumbani. "Bibi, analala vizuri siku hizi? Anasahausahau? Baba yangu naye alianza hivihivi. Alidai nyumba ya jirani ni yake."

Mzee Machimbo aliitazama kofia yake magotini. Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko Bibi Sindano alivyokuwa akiijua.

"Hasahau," alisema Bibi Sindano. "Anakumbuka. Shida ndiyo hiyo."

Upole ukamtoka Mwenyekiti. "Basi naye akumbuke hili. Nyumba mnayokaa ni ya uwanja. Hupewa watu wa mchezo, siyo watu wa kuuvunja mchezo. Na kuna jingine, wala simtishi mtu, naongea kama mtoto wenu. Jumamosi nina askari sita. Sita! Kwenye ule umati kuna watu ambao babu zao wamo katika wale arobaini na mmoja. Miaka yote wamekuwa na mtu wa kumzomea. Mkimwondoa, watamzomea nani?" Akamnyooshea mzee kalamu. "Mimi sitaweza kukulinda."

Walitembea mpaka kona ya kinu cha kusaga. Pale mzee alisimama, akashika ukuta.

"Nimesema," alisema. "Umenisikia nikisema. Amekataa. Basi mimi nimetimiza wajibu wangu, au siyo?"

Bibi Sindano aliyatazama mapigo ya moyo yanavyorukaruka kwenye shingo ile nyembamba. Alikuwa na majibu mawili, na yote mawili yalimtisha.

"Twende nyumbani ukalale," alisema.

*

Lakini yeye hakulala. Mchana ule alichukua mkoba wake, akaenda kwenye kibanda cha Mama Vifungo.

Kibanda kilikuwa mwisho wa safu ya maduka ya nguo, chembamba kama kabati, kuta zake zimejaa makopo ya vifungo, zipu na vibiringo vya uzi. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mkimya, mwenye mikono mizuri. Kwa miaka ishirini na saba Bibi Sindano alinunua kwake vitu vya mavazi ya mchezo, na kwa miaka ishirini na saba walizungumza habari za uzi tu. Ukinunua vifungo kumi, Mama Vifungo alikupa kumi na kimoja, akisema, "Hiki cha akiba, mama." Na kila wiki ya mchezo kibanda chake kilifungwa kwa siku tatu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wote walijua ni binti wa yule mzee wa funguo.

Alimkuta anashusha makopo, anayapanga katika magunia.

"Nimeshafunga, mama," alisema bila kugeuka. Kisha akageuka. "Oh. Ni wewe. Uzi mweusi?"

"Sikuja kununua."

Mama Vifungo alisimama na kopo mkononi. Bibi Sindano akaketi juu ya gunia bila kukaribishwa.

"Umesikia habari ya jiwe," alisema.

"Mchonga mawe ni mteja wangu. Alikuja kuniomba radhi. Alisema, 'Mama, mimi nimepewa kazi tu.' Nikamwambia, chonga baba, kila mtu ana kazi yake." Alilitikisa kopo, vifungo vikalia ndani. "Mwaka juzi walivunja vigae vitatu. Mwaka jana wakaandika mlangoni. Binti yangu hataki kumleta mtoto wake kunitembelea mwezi huu wa mchezo. Anasema, 'Mama, shuleni wanamkoholea.' Unaelewa? Hawamwambii neno. Wanamkoholea tu."

Bibi Sindano alielewa. Kikohozi kile mumewe ndiye aliyekiweka, kwa sababu mama yake alimwambia yule mzee alikuwa anakohoa. Hakutaja jina katika mchezo. Aliona hiyo inatosha. Lakini aliweka kikohozi, akaweka koti, na mstari wa kwanza wa wazee uwanjani ukamtambua mtu kabla hajafungua mdomo.

"Baba alikuja, unajua," alisema Mama Vifungo. "Mwaka ule wa kwanza. Alivaa koti lake, akanishika mkono, akasema, 'Twende tukawaone wenzangu wakikumbukwa.' Tulikaa safu ya tatu. Watu walipoanza kugeuka na kumtazama, alidhani wanamheshimu. Akawapungia mkono."

Nje mtu alipita akivuta mkokoteni.

"Tuliporudi alilivua koti, akakata vifungo vyote kwa kisu cha jikoni, kimoja kimoja. Hakulivaa tena. Haikupita miaka miwili tukamzika. Mwaka uliofuata mchezo wa kwanza, wewe ulikuja hapa, ukaniambia unataka vifungo vikubwa vya njano, vile vya mwanzo havionekani kwa mbali. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuuzia vyake."

Bibi Sindano alifunika mdomo. Kwa miaka yote ile alikuwa akivisugua kwa majivu ving'ae.

"Nilijiambia, kama lazima wamvae baba yangu, basi angalau vifungo viwe vya kweli."

Hapo Bibi Sindano alisema yote. Alisema juu ya komeo, kiti, chai aliyokuwa akimimina. Hakukificha hata kile kicheko. Alipomaliza alingoja atukanwe, na angeshukuru kutukanwa. Mama Vifungo alikuwa amesimama vilevile.

"Kwa nini unaniambia mimi?" aliuliza hatimaye, bila ukali. "Mimi nilikuwa najua. Waambieni wasiojua."

*

Jumamosi saa nane watu walishaanza kujaa. Walishuka kwa ngazi zilizochongwa ubavuni mwa shimo, na mito ya kukalia, na miavuli, na watoto migongoni. Mwanzo wa ngazi lilisimama jiwe, limefunikwa turubai la kijani na kufungwa kamba. Mgeni rasmi angeifungua kamba ile mchezo ukiisha.

Mzee Machimbo hakuwa amelitoa neno lolote. Ijumaa yote alikaa na kalamu, akaandika upya kila alichokwangua, kwa mwandiko uleule mzuri. Bibi Sindano alimwambia maneno ya Mama Vifungo. Mzee aliyasikiliza hadi mwisho, kisha akachovya kalamu. "Nina miaka sabini na mbili, mama," alisema tu. "Tutakwenda wapi?" Usiku kucha Bibi Sindano alikuwa amehesabu vyumba vya watu wanaowafahamu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na nafasi.

Sasa Bibi Sindano alikuwa mahali pake pa siku zote, nyuma ya jabali dogo kushoto, daftari magotini. Kazi yake ya pili, baada ya sindano, ilikuwa kukumbusha. Mwigizaji akisahau, yeye hunong'ona neno, na mwigizaji hulipaza. Kwa sauti yake mwenyewe hakuwahi kusema neno hata moja uwanjani pale.

Fundi bomba, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa ndiye Mshika Funguo, alikuja kuchuchumaa karibu naye, uso umepakwa majivu.

"Bibi, umeniwekea pamba masikioni? Mwaka jana bonge liliniziba sikio wiki mbili. Mke wangu alifurahi, maana sikumjibu." Alicheka, lakini midomo ilikuwa mikavu. "Kweli nakwambia, ningejua nisingejifundisha kukohoa vizuri hivi."

Ndipo kelele za watu zikapungua ghafla. Bibi Sindano alichungulia.

Mama Vifungo alikuwa anashuka ngazi. Peke yake, kitambaa cheupe kichwani, mkoba kifuani. Watu walikuwa wanampisha kama watu wanavyolipisha jeneza. Alihesabu safu kwa kidole, akaingia ya tatu, akaketi. Waliokuwa kushoto na kulia kwake wakasogea. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akamwitikia, kisha kikohozi kikatembea uwanja mzima, safu kwa safu.

Bibi Sindano alimtafuta mumewe kwa macho. Alimwona amesimama kwenye mlango wa bati wa waigizaji, mkono kwenye ukuta. Naye alikuwa amemwona Mama Vifungo.

Mchezo ulianza. Sehemu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Jua likafika pale mzee alipokuwa amelipangia lifike, juu ya lango la mbao lililosimamishwa katikati. Fundi bomba alinyoosha mikono nyuma ili avalishwe koti.

"Nipe mimi," alisema mtu.

Mzee Machimbo alikuwa amesimama juu yao. Kijasho chembamba kilimtiririka mpaka kidevuni. Alilichukua koti kutoka mikononi mwa mkewe, akashindwa kulipata tundu la mkono, mara moja, mara mbili. Bibi Sindano alimshikia. Alivaa, na vile vifungo vikawaka juani.

"Naogopa, mama," alisema.

"Na mimi."

"Nikisahau maneno, nikumbushe."

Alitembea mpaka kwenye alama ya chokaa katikati ya uwanja. Hapo ndipo sauti hupanda vizuri. Yeye ndiye aliyepapima kwa minyororo yake. Watu walipiga makofi, wengine wakacheka. "Leo Mzee mwenyewe!" Mabonge yalishakuwa mikononi.

Kila mwaka aliwafundisha waigizaji: uwanjani sema maneno machache, upepo una njaa. Naye akasema machache.

"Mshika Funguo hakuuza lango. Komeo lilioza. Mimi nilidanganya."

Jabali likarudisha: *...danganya.*

Kisha kicheko hapa na pale, cha watu waliodhani ni sehemu mpya. Halafu sauti ya mwanamume, "Mzee, cheza mchezo!" Nyingine, "Amelewa huyo!" Na kutoka juu kabisa, sauti iliyopasuka, ya mtu mzima anayelia: "Babu yangu alifia hapo! Unaniambia alikufa kwa ajili ya kipande cha mti?"

Mzee alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alilitazama jabali dogo la kushoto, na Bibi Sindano akaona macho ya mtu aliyesahau maneno.

Bonge la kwanza lilimpata begani. La pili likang'oa kifungo.

Bibi Sindano hakukumbuka baadaye jinsi alivyosimama. Alijua tu kwamba daftari lilianguka, na kwamba kutoka kwenye jabali hadi alama ya chokaa ni hatua ishirini na nne, na kila hatua alidhani ndiyo ya mwisho. Alimshika mumewe mkono. Mkono ulikuwa wa baridi kama wa maiti.

"Mama yangu alikuwamo ndani ya ua," alisema. "Alisema komeo lilikuwa limeoza."

Sauti yake haikuvuka hata safu ya kwanza. Ilikuwa sauti ya nyuma ya jabali, ya kunong'ona. Hakuwa na nyingine. Kelele zilimfunika. Bonge likapita karibu na sikio lake.

"MAMA YANGU ALIKUWAMO NDANI YA UA!"

Aligeuka. Fundi bomba alikuwa amesimama nyuma yake, mwenye majivu usoni, miguu imepanuliwa kama alivyofundishwa. Hakumtazama. Alisubiri, sikio ameliinamisha kwake, kama kwa miaka kumi na moja yote.

"Alisema komeo lilikuwa la mti," alinong'ona Bibi Sindano.

"ALISEMA KOMEO LILIKUWA LA MTI!"

"Walisukuma mara mbili, likavunjika."

"WALISUKUMA MARA MBILI, LIKAVUNJIKA!"

"Yule mzee alikuwa amelala, kama watu wote. Mimi nilikuwapo aliposema. Nilicheka. Nikashona koti."

Fundi bomba alisita kidogo hapo, kisha akasema hilo nalo, na jabali likalirudisha. Mabonge yaliendelea kuja, lakini machache. Mtu aliyelia juu alikuwa ameketi, kichwa magotini. Wengi walianza kupanda ngazi wakinung'unika, na wengine walitema mate walipopita. Safu ya tatu, Mama Vifungo aliketi wima, mkoba kifuani, mpaka uwanja ukawa nusu tupu. Kisha akainuka, akaenda zake bila kuwatazama.

Mgeni rasmi alikwishaondoka. Turubai halikufunguliwa.

*

Mwenyekiti aliwapa mpaka mwisho wa mwezi. Barua ililetwa na yule karani mwenye mafua, naye alipoitoa aliangalia chini, akasema, "Samahani, bibi," halafu akabaki pale kumsaidia kufunga gunia la sufuria.

Ilikuwa wiki ngumu. Muuza maziwa hakusimama tena mlangoni. Mtu aliandika neno kwa mkaa juu ya ukuta, Bibi Sindano akalisugua, likarudi kesho yake. Kila miguu ilipopita nje, mzee alinyamaza katikati ya sentensi mpaka ipite. Bega lake lilikuwa limevimba, halipandi. Jiwe lilikuwa bado limesimama chini ya turubai. Kamati ilikuwa haijaamua, na wengine walisema litafunuliwa hivyohivyo. Binti yao aliandika kwamba wanaweza kuja, ila watalala jikoni.

Siku ya kumi, kama saa tano asubuhi, mlango uligongwa. Mzee aliacha kikombe hewani.

"Nani?" aliuliza Bibi Sindano, mkono ukiwa kwenye komeo.

"Ni mimi. Wa vifungo."

Mama Vifungo aliingia, akatazama magunia, akatazama kuta zilizobaki na alama za picha. Hakuna kiti kilichokuwa kimebaki ila kile kimoja, cha mama yake Bibi Sindano. Mzee aliinuka kwa shida, akampisha. Mgeni alisita, kisha akaketi. Bibi Sindano alimimina chai.

"Nimekuja kulichukua koti," alisema mgeni.

Walimpa. Alilikunjua magotini, akapitisha kidole kwenye matundu, akahesabu vifungo. Udongo ulikuwa bado umeganda begani. Akatoa kopo dogo mkobani, akatunga uzi, akaanza kukaza vile vilivyolegea, kimoja baada ya kingine. Mzee Machimbo alikuwa amesimama ukutani na kikombe chake. Mtu aliyewaandikia maneno watu wote wa mji hakuwa na la kwake.

"Juzi binti yangu alimleta mtoto," Mama Vifungo alisema, macho kwenye sindano. "Amelala kwangu siku mbili." Baada ya kitambo akaongeza, "Sijakusamehe, mzee. Nisikudanganye."

"Usinidanganye," alisema mzee.

Alikata uzi kwa meno. "Kimoja kimepungua. Kile kilichong'oka."

Alifunua kopo, akalichungulia. Bibi Sindano, aliyekuwa amesimama nyuma yake na chai, aliona ndani, kati ya vyeusi na vyeupe, kifungo kikubwa cha njano, kikuukuu, ndugu wa vile vingine. Cha akiba. Mama Vifungo alikisukuma pembeni kwa kidole, akalifunika kopo.

"Sinacho leo," alisema. "Pengine kipo nyumbani. Silichukui koti likiwa pungufu."

Alilikunja koti, akaliweka vizuri juu ya kiti, akaufunga mkoba. Alikuwa keshafika mlangoni mzee alipopata sauti yake. Ilikuwa sauti ndogo, ambayo hakuna jabali lingeirudisha.

"Tupo hapa mpaka tarehe thelathini," alisema. "Kitafute, mwanangu. Halafu uje tena."